Maabara zetu zinahitaji hadubini ya swali moja

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti kuhusu samaki walionunuliwa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, sangara 20 na sato 20. Watafiti waliwapasua, wakachunguza matumbo yao na kutenga kila kipande kilichoonekana kuwa plastiki. Kwa kutazama tu, zaidi ya nusu ya sangara na zaidi ya theluthi ya sato walidhaniwa kuwa wamemeza plastiki. Kisha vipande vikapimwa kwa miale ya infraredi, na samaki ambao plastiki yao ilithibitika wakabaki asilimia 20 kwa kila aina. Pengo kati ya hesabu hizo mbili ndilo linalonishughulisha katika makala haya. Jicho, hata likisaidiwa na hadubini nzuri ya kawaida, hushindwa mara nyingi kutenganisha uzi wa plastiki na uzi wa pamba, au chembe ya polithini na ganda la mdudu lililopauka. Miale ya infraredi hutambua kitu kwa kile kilichokiunda. Mtafiti asiye nayo hubaki na njia mbili, akisie au apeleke sampuli zake ng'ambo na kusubiri.

Jambo hili linatugusa kuliko linavyoonekana. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019. Zilikuwa hatua za ujasiri, na mataifa tajiri kadhaa yalikuwa bado yanasitasita. Lakini je, plastiki imepungua katika maji na katika samaki tunaowala? Usafi wa fukwe hautoi jibu, kwa sababu plastiki haiozi kama jani. Jua huikausha, mawimbi huivunja, nayo huendelea kuwa ndogo hadi ikapotea machoni ilhali bado imo majini. Kujua kama sheria imefanya kazi kunahitaji vipimo vya msimu baada ya msimu, mahali pale pale, kwa mamia ya sampuli. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa vifurushi vinavyosafirishwa mara moja kwa mwaka kwenda kwa rafiki mwenye mashine Ulaya. Inafanyika kwa kifaa kilichopo mezani, anachokiwasha mtumishi wa kawaida wa maabara asubuhi akifika kazini.

Miale yenyewe imejulikana kwa zaidi ya karne mbili. William Herschel aliigundua mwaka 1800 alipoweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu ya mwanga uliotawanywa na mche wa kioo, akaona joto linapanda mahali ambapo jicho halikuona kitu. Karne moja baadaye, mwaka 1905, Mmarekani William Coblentz alichapisha vipimo vya kemikali nyingi na kuonyesha kwamba vikundi fulani vya atomi hufyonza miale hiyo katika urefu wa wimbi ule ule, hata vikiwa ndani ya kemikali tofauti. Sababu ni kwamba atomi zilizoungana hazitulii. Zinatikisika, na kila muungano una mwendo wake. Mwale wenye mwendo unaolingana nao humezwa, mingine hupita. Ukiandika ni miale ipi iliyomezwa na kwa kiasi gani, unapata mchoro wa vilele na mabonde ambao ni alama ya utambulisho wa kitu hicho. Protini ina kilele karibu na mikromita 6, pamba ina chake karibu na mikromita 10, mafuta huonekana karibu na mikromita 3.4. Hadubini ya infraredi huchukua ujuzi huo na kuuongezea mahali: haisemi tu kwamba ndani ya sampuli mna polithini, inaonyesha ni chembe ipi, ya ukubwa gani, imekaa wapi. Haihitaji rangi wala kemikali ya kutia kwenye sampuli. Kwa nchi ambazo maabara zake husimama kila dawa ya kupimia inapochelewa bandarini, sifa hiyo peke yake ilitosha kutufanya tuitake.

Tatizo ni bei. Hadubini kamili ya infraredi huvuka dola 100,000 kwa urahisi, na zenye uwezo wa kupiga picha eneo zima kwa mara moja huzidi hapo mara kadhaa. Ni haki kueleza bei hiyo inatoka wapi kabla ya kuilalamikia. Kwanza, kioo cha kawaida hakipitishi miale inayozidi mikromita 5 hivi, kwa hiyo lenzi zote na slaidi zote tulizozoea hazifai. Ndiyo maana hadubini za kwanza za aina hii zilitegemea vioo vya kuakisi badala ya lenzi. C. R. Burch wa Bristol alieleza hadubini ya namna hiyo miaka ya 1940, na mwaka 1949 Barer, Cole na Thompson wakaonyesha matumizi yake kwa miale ya infraredi katika fizikia, kemia na biolojia. Pili, kihisi bora cha miale hii ni mchanganyiko wa zebaki, kadimiamu na teluriamu, nacho hufanya kazi vizuri kikipozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri. Maana yake ni naitrojeni ya kimiminika, inayomiminwa upya kila baada ya saa kadhaa, na ambayo miji mingi ya kwetu haina pa kuinunua. Tatu, moyo wa mashine hizi ni kigawanya mwanga ambacho mara nyingi hutengenezwa kwa potasiamu bromaidi. Hiyo ni chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, umeme ukikatika na kiyoyozi kikalala wikendi nzima, kipuri hicho kinaweza kupata ukungu na mashine ya mamilioni ikawa haina kazi. Watengenezaji hutoa vigawanya mwanga vya zinki selenaidi visivyodhurika na unyevu, ila lazima mnunuzi ajue kuviomba, na zabuni nyingi huandikwa na watu ambao hawakuelezwa.

Hata hivyo, kipengele kikubwa zaidi cha bei hakimo katika orodha hiyo. Mashine hizi ni ghali kwa sababu zimeundwa kujibu swali lolote la mtu yeyote. Kampuni inayouza haijui kama mteja wake atapima saratani ya tezi dume, rangi ya mchoro wa kale, au kidonge cha dawa, hivyo inaweka ndani ya sanduku moja uwezo wa kusoma kila urefu wa wimbi kwa umakini wa hali ya juu. Chuo kikubwa chenye idara 20 kinapata thamani ya fedha yake hapo. Kituo cha utafiti wa uvuvi chenye swali moja linalorudi mwaka mzima kinalipia uwezo ambao hakitautumia kamwe. Msimamo wangu ni kwamba hadubini nafuu ya infraredi haitapatikana kwa kusubiri mashine kubwa zishuke bei, wala kwa kuomba zilizochakaa kama msaada. Itapatikana tukianza na swali, tukalibana, kisha tukajenga kifaa kinachojibu hilo tu, huku mashine chache kamili zikibaki kuwa waamuzi wa matokeo yanayobishaniwa.

Tuchukue plastiki ya ziwani kama kipimo cha hoja hii. Kamera za joto, zile zinazotumiwa na mafundi umeme kutafuta nyaya zinazochemka na sasa zinauzwa hata za kuchomeka kwenye simu, huona miale ya kati ya mikromita 8 na 14. Vihisi vyake havihitaji kupozwa, na vidogo kabisa vinauzwa kwa mia chache za dola. Ndani ya dirisha hilo finyu, plastiki tunazozitupa zaidi zinatofautiana waziwazi. Polipropilini ina alama karibu na mikromita 10 na nyingine karibu na 11.9. Polistairini ina yake karibu na 13.2. Polithini ina moja karibu na 13.8. Plastiki ya chupa za maji nayo ina alama jirani na hiyo, lakini inajitofautisha kwa nyingine yenye nguvu karibu na 9.1. Pamba na nyuzi nyingine za mimea zinajitangaza karibu na 9.7. Kwa hiyo chanzo cha joto, vichujio vichache vilivyochaguliwa kwa makini na kihisi kisichopozwa vinaweza, kwa kanuni za fizikia, kupanga chembe hizo katika makundi yake. Hatuhitaji kusoma maelfu ya nukta za spektra ili kutenganisha vitu vitano.

Vipuri navyo si ndoto. Lenzi za zinki selenaidi, zinazopitisha miale hii, zinauzwa kwa wingi duniani kwa sababu ndizo zinazotumika katika mashine za leza za kukata mbao na plastiki, ambazo mafundi wa mabango na samani katika miji yetu wanazo na wanabadilisha lenzi zake wenyewe. Vioo vya kuakisi vya mashine hizo hizo vinafaa pia. Sampuli inaweza kulazwa juu ya bamba linaloakisi badala ya dirisha ghali la kupitisha miale, ili mwale upite kwenye chembe, ugonge bamba na kurudi. Kuhusu sehemu ya kusogeza sampuli kwa hatua ndogo kuliko mikromita moja, kazi hiyo tayari imefanyika. Hadubini iitwayo OpenFlexure, iliyoanzishwa na Richard Bowman na wenzake Uingereza, ina mwili unaochapwa kwa plastiki kwenye printa ya 3D, na michoro yake imeachwa wazi kwa yeyote. Kampuni ya Bongo Tech and Research Labs ya Dar es Salaam imeitengeneza hapa, na Taasisi ya Afya Ifakara imeshiriki kuijaribu kwa uchunguzi wa malaria. Hiyo ni hadubini ya mwanga wa kawaida, na kuihamishia kwenye infraredi si suala la kubadilisha balbu. Lakini inathibitisha jambo ambalo miaka 15 iliyopita wengi wangelikataa, kwamba chombo cha maabara kinaweza kuzaliwa Dar es Salaam, kikaharibika Dar es Salaam na kutengenezwa Dar es Salaam. Upande mwingine wa soko nao umethibitisha nusu iliyobaki. Kampuni ya Daylight Solutions ya Marekani iliuza hadubini iitwayo Spero, inayounganisha leza ya infraredi na kihisi kisichopozwa, bila naitrojeni. Bei yake haikuwa ya maskini, kwa kuwa leza hizo bado ni ghali, ila ilivunja imani kwamba picha nzuri ya infraredi haipatikani pasipo kihisi cha baridi kali.

Hapa pana onyo ambalo wanunuzi wanapaswa kulishika. Kuna hadubini zinazouzwa kwa jina la infraredi ambazo hazifanyi kazi ninayoizungumzia. Kamera ya kawaida ya silikoni, ikiondolewa kichujio chake, huona hadi kama mikromita 1 tu, na kifaa hicho kinaweza kujengwa kwa gharama ndogo sana. Kinafaa kuwatazama viumbe wasiosumbuliwa na mwanga huo, au kukagua ndani ya bamba la silikoni. Hakitakuambia chembe ni plastiki gani, kwa kuwa mitikisiko ya atomi inayotoa alama za utambulisho iko mbali zaidi, kuanzia mikromita 2.5 na kuendelea. Neno moja kwenye tangazo linaweza kufunika vifaa viwili vyenye uwezo usiolingana kabisa, na taasisi isiyouliza urefu wa wimbi itakuja kujilaumu baada ya malipo.

Je, tuna ushahidi kwamba njia ya swali moja inafanya kazi katika mazingira yetu, na si kwenye karatasi tu? Tunao, na umetoka humu humu. Ifakara, watafiti wakishirikiana na wenzao wa Glasgow walichukua mashine ya infraredi ya mezani, isiyo na hadubini, wakaielekeza kwa mbu. Swali lilikuwa finyu na zito. Mbu huyu ni wa spishi gani, na ana umri gani? Umri una maana kubwa kwa sababu vimelea vya malaria huhitaji siku 10 hadi 14 hivi kukomaa ndani ya mbu, kwa hiyo mbu anayekufa mapema haambukizi mtu. Ganda la mbu hubadilika kikemia anavyozeeka, na miale hulisoma badiliko hilo. Mwaka 2019 watafiti wa Ifakara walichapisha pia kazi iliyotumia matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, na programu yao ikatambua maambukizi ya malaria kwa usahihi wa asilimia 92 ikilinganishwa na kipimo cha vinasaba. Nairobi, katika kituo cha utafiti wa kilimo mseto cha ICRAF, safari ilianza mapema zaidi. Mwaka 2002 Keith Shepherd na Markus Walsh walionyesha, kwa zaidi ya sampuli 1,000 za udongo wa mashariki na kusini mwa Afrika, kwamba mwanga unaoakisiwa na udongo unaweza kukadiria sifa zake ambazo zamani zilihitaji kemikali nyingi na siku kadhaa. Kazi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya kupima udongo wa bara hili kwa miale. Katika visa vyote hivyo nguvu haikutoka kwenye mashine ya anasa. Ilitoka kwenye swali lililobanwa na maktaba ya sampuli za hapa, zilizokusanywa kwa subira.

Msomaji makini atasema kwamba matokeo ya kifaa cha kujiundia hayataaminiwa na majarida, wala na mahakama siku mchafuzi wa mazingira akishtakiwa. Pingamizi hilo ni la kweli, na jibu lake ni utaratibu wa kazi. Karatasi nyembamba ya polistairini, kitu cha bei ndogo, imetumika kwa miongo mingi kama rula ya kusahihishia vipimo vya infraredi, maana vilele vyake vinajulikana kwa usahihi mkubwa. Kila kifaa kianze siku kwa kuisoma, na usomaji huo uhifadhiwe. Kisha sehemu ya sampuli, tuseme moja kati ya kila 20, ipelekwe kwenye mashine kamili kuhakikiwa, na viwango vya makosa vichapishwe pamoja na matokeo. Kifaa dhaifu ambacho udhaifu wake umepimwa na kutangazwa kinaaminika kuliko mashine ya kifahari ambayo hakuna anayekumbuka ilisahihishwa lini. Isitoshe, kuna maswali ambayo kifaa hiki hakitayaweza, na ni heri yasemwe mapema. Nyavu nyingi za ziwani ni za nailoni, na alama kuu za nailoni zinakaribiana na za protini ya nyama ya samaki, tena ziko karibu na mikromita 6, nje kabisa ya dirisha la kamera za joto. Uzi wowote unaoshukiwa kuwa nailoni utalazimika kwenda kwa mwamuzi. Chembe iliyo ndogo kuliko mikromita 10 haitaonekana vizuri, kwa sababu wimbi lenyewe lina ukubwa huo. Chembe nene mno itameza miale yote na kuficha alama zake. Na mwanga wa chanzo cha joto ukiwa hafifu, itabidi kukusanya picha nyingi na kuzichanganya, hivyo kazi ambayo mashine kubwa huimaliza kwa dakika itachukua muda mrefu zaidi. Ninaona mizigo hiyo yote inabebeka kwa maabara yenye swali lake.

Wengine watauliza kwa nini tusijenge kituo kimoja kikubwa cha kanda, chenye mashine bora, na kila mtu apeleke sampuli zake huko. Kituo hicho nakitaka pia, na pasipo mwamuzi mpango wote ninaoueleza hauna miguu. Lakini kituo peke yake hurudia tatizo la kupeleka ng'ambo kwa umbali mfupi zaidi, pamoja na foleni, vibali vya kuvusha damu na tishu mipakani, ada, na mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayesubiri matokeo hadi ufadhili wake unaisha. Pia kuna hasara ambayo haionekani kwenye hesabu. Mtafiti anayepokea majibu kwa barua pepe hajifunzi kuutilia shaka mchoro wa spektra. Anayepima mwenyewe huona kilele cha ajabu, akarudia, akagundua kwamba ni mvuke wa maji uliomo hewani au alama ya kidole chake. Mashaka ya namna hiyo ndiyo yanayomkomaza mwanasayansi, nayo hayasafirishwi kwenye kifurushi.

Pingamizi zito zaidi, kwa maoni yangu, linahusu programu zinazojifunza. Watu wa Ifakara wenyewe wamelionyesha: programu iliyofundishwa kwa mbu wa mahali pamoja hupotoka ikipewa mbu wa mahali pengine, kwa sababu chakula, hewa na ukoo huacha alama zao. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2022, watafiti wa Ifakara, Burkina Faso na Glasgow walilazimika kutumia zaidi ya mbu 40,000 ili kupata programu inayohimili tofauti hizo. Baadhi ya watu husoma habari hiyo kama sababu ya kukata tamaa. Mimi naisoma kinyume. Kama maarifa yaliyokusanywa mahali pamoja hayahami kirahisi, basi hakuna mashine ya kununuliwa itakayokuja na majibu yetu ndani yake. Maktaba ya plastiki iliyokaa miaka mitatu kwenye jua la Ukerewe, ikaota mwani na kuchakaa, haiwezi kuandaliwa Ulaya. Lazima ikusanywe hapa, na itakusanywa na vifaa vingi vya bei ndogo upesi kuliko na kimoja cha bei kubwa.

Yuko pia anayesema kwamba maabara zisizo na umeme wa uhakika wala mafundi zisianze kuota infraredi. Mwaka 2011 Lora Perry na Robert Malkin walikusanya takwimu za vifaa vya tiba katika nchi maskini na kukuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Hoja hiyo ni nzito, lakini inaelekea upande wangu. Vifaa vingi hufa kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuvifungua, mwongozo wake ni siri ya kampuni, na kipuri kimoja hugharimu kama mshahara wa mwaka. Kifaa ambacho michoro yake iko wazi, sehemu zake zinachapwa mjini na lenzi yake inapatikana kwa fundi wa leza kina nafasi kubwa ya kufufuka. Kinatumia umeme mdogo ambao betri ya kawaida inaumudu. Sitasema kwamba hilo linafuta haja ya mafundi. Linawapa kazi wanayoweza kuifanya, na kwa sababu hiyo linakipa chuo sababu ya kuwaajiri kwa ajira ya kudumu badala ya kuwaita kwa dharura. Tahadhari za usalama ziandikwe vilevile: vumbi la zinki selenaidi iliyovunjika ni sumu, na kila anayeshika lenzi hizo lazima afundishwe.

Fedha inatakiwa itoke wapi? Umoja wa Afrika ulikubaliana Khartoum mwaka 2006 kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti, na sheria ya Kenya ya sayansi ya mwaka 2013 ikaenda hadi asilimia 2 kwa ajili ya mfuko wa utafiti. Ahadi hizo hazijatimizwa, na waandishi tumezoea kuzikumbusha kila bajeti ikisomwa. Safari hii ombi langu ni dogo kuliko ahadi. Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania (COSTECH), Mfuko wa Taifa wa Utafiti wa Kenya na Baraza la Sayansi na Teknolojia la Uganda vifadhili ujenzi wa vifaa kama utafiti kamili, unaoweza kumpa mtu shahada na cheo. Leo mhadhiri anayejenga hadubini hupata sifa ndogo kuliko anayechapisha makala kutokana na hadubini ya mwingine, na mfumo wa upandishaji vyeo ndio unaomfundisha kutojenga. Misamaha ya kodi kwa vifaa vya sayansi ihusu pia vipuri, kwa kuwa lenzi, kihisi na kichujio vikitozwa kama bidhaa za biashara, mjenzi anaadhibiwa wakati mnunuzi wa mashine nzima anasamehewa. Na kila mkataba wa mashine kubwa utaje wazi aina ya kigawanya mwanga, mafunzo ya fundi, na haki ya kupata mwongozo wa matengenezo.

Mahali pa kuanzia pako wazi. Ziwa Victoria lina taasisi tatu za uvuvi zenye maabara kando yake, TAFIRI yenye kituo Mwanza, KMFRI yenye kituo Kisumu na NaFIRRI ya Jinja. Swali lao ni moja na samaki wao ni wale wale. Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika Mashariki, yenye makao Kigali, ingeweza kuitisha michoro ya hadubini ya plastiki ya dirisha la mikromita 8 hadi 14, ikagharimia vifaa vitatu vinavyofanana, na kuteua maabara moja yenye mashine kamili kuwa mwamuzi. Boksi moja la sampuli lizungushwe kwenye vituo vyote vitatu bila majina, kila kituo kipime peke yake, na matokeo yote yachapishwe, pamoja na yale yaliyokosewa. Vituo visipokubaliana, tutajua kifaa hakijafaa na fedha iliyopotea itakuwa ndogo kuliko bei ya mashine moja ya kigeni. Vikikubaliana, wavuvi wa nchi tatu na walaji wa samaki wao watapata hesabu ya plastiki ya ziwa lao inayopimwa kila msimu.